Nightmare au Mephisto: uanze na bwana yupi wa mauzauza?

Ukitafuta komiki za Marvel zenye pepo anayetawala mauzauza, majina mawili yatakufikia kabla ya mengine yote: Nightmare na Mephisto. Wote wana himaya zao nje ya dunia hii. Wote huchezea macho na akili za watu, na wote wamewahi kumtoa jasho Doctor Strange, yule shujaa mganga anayepigana kwa uchawi. Kwa mbali wanafanana kiasi kwamba msomaji mgeni huwachanganya. Ukikaa nao kidogo unaona hawana udugu wowote, na ukianza na yule asiyekufaa utaifunga komiki katikati na kusema haya mambo ni ya watoto.

Mimi tofauti yao naiona mahali pamoja. Nightmare haombi ruhusa: ukilala tu, umeshaingia kwake. Mephisto anahitaji uitikie. Anaweza kukuonyesha lolote, akakutisha, akakubembeleza, lakini mwisho wa yote anangoja neno "ndiyo" litoke kinywani mwako mwenyewe. Ndiyo maana hadithi za Nightmare ni hadithi za kutoroka, na za Mephisto ni hadithi za kupatana bei. Amua kwanza unataka ipi kati ya hizo mbili, halafu hayo mengine tuyapime.

Nightmare: kurasa tano zinazotosha

Nightmare alitokea mara ya kwanza katika toleo la 110 la Strange Tales, lenye tarehe ya Julai 1963, lililouzwa senti 12 za Marekani. Nyota wa gazeti hilo alikuwa Human Torch. Doctor Strange, ambaye naye ndiyo kwanza anazaliwa, alisukumwa nyuma kwenye kurasa tano za kujazia nafasi. Stan Lee aliandika, Steve Ditko akachora, na mwaka huohuo Lee alimwandikia barua msomaji mmoja akisema wazi kwamba wazo lilikuwa la Steve. Kwa hiyo huyu pepo wa ndoto ndiye adui wa kwanza kabisa wa mganga mkuu wa Marvel. Wengi wanamdhani ni Baron Mordo au Dormammu. Hapana, hao walikuja baadaye.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtu mmoja anagonga mlango wa Strange: hapati usingizi, kila akifumba macho anaota ndoto ileile. Strange anaahidi kumtembelea usiku. Jamaa analala, Strange anauacha mwili wake umekaa chumbani pale na roho yake inaingia ndani ya ndoto. Huko anamkuta mtu aliyefunikwa gubigubi, amefungwa minyororo. Strange anamuuliza kwa nini anamsumbua yule mtu. Jibu ni kwamba yeye ni alama ya uovu ambao mlalaji ametenda, na asiyeamini akamuulize kuhusu Crang. Hapo ndipo Nightmare anapotokea juu ya farasi wake mweusi, anafurahi kumpata adui yake wa siku nyingi nje ya mwili.

Sasa angalia jinsi mtego ulivyosukwa. Pepo yuko mbele ya Strange, lakini kifo kiko nyuma yake. Mlalaji ameamka, ametambua kwamba siri yake imejulikana, na anachukua bastola kuupiga risasi mwili wa Strange ulioachwa bila mwenyewe. Strange anamwita mwalimu wake aliye mbali, ile hirizi kifuani pake inafunguka kama jicho na kumgandisha yule mtu hapo hapo na bastola mkononi. Strange anarudi mwilini, na mteja anakiri: aliwadhulumu watu wengi katika biashara, na Crang alikuwa mmoja wao. Dawa ya usingizi wake ni kwenda kukiri mbele ya sheria.

Kurasa tano tu. Ndani yake hakuna mzimu uliomwonea mtu asiye na hatia. Nightmare amekaa juu ya ndoto, lakini kilichoizaa ndoto ni dhamiri ya mlalaji mwenyewe. Miaka zaidi ya sitini imepita na sijaona hadithi nyingine ya Nightmare iliyobeba mzigo huo kwa nafasi ndogo namna hiyo.

Kitu cha pili kinachomfanya Nightmare astahili muda wako ni michoro. Ditko hakuichora dunia ya ndoto kama mawingu na ukungu, njia rahisi ambayo wachoraji wengi wangeifuata. Aliichora kama mahali: vijia vinavyoelea hewani bila nguzo, milango isiyo na ukuta, maumbo yanayoota kama mimea lakini si mimea, na hakuna mstari wa upeo unaokuambia juu ni wapi na chini ni wapi. Nightmare mwenyewe ana uso mweupe kama chokaa, nywele zilizotimka, suti ya kijani iliyombana na joho lililochanika pembeni. Hana pembe wala mkia. Ukimtazama vizuri anaonekana kama mtu ambaye hajalala tangu dunia iumbwe, na hilo linamfaa.

Sasa udhaifu wake, maana anao. Nightmare anajisifu sana na anashindwa sana. Katika toleo la 122 la Julai 1964, Strange anasinzia kwa uchovu kabla ya kusoma maneno yake ya kinga, basi anaokotwa kama kuku. Yuko ndani ya himaya ya adui, hana nguvu, na Nightmare ana uwezo wa kumfanya lolote. Anatokaje? Anamwonyesha Nightmare mauzauza. Anamtengenezea sura ya Gulgol, kiumbe ambacho hakilali kabisa, kwa hiyo Nightmare hana mamlaka juu yake na anakiogopa kuliko kitu chochote. Bwana wa ndoto anaingiwa na hofu ya kitu ambacho hakipo. Dawa ya moto ni moto. Ni ujanja mtamu kuusoma, lakini unakuonyesha pia kwamba huyu jamaa ni mtisho wa usiku mmoja. Asubuhi inafika, mambo yamekwisha, toleo lijalo anaanza upya na vitisho vilevile.

Waandishi waliofuata wamejaribu kumpa uzito. Mwaka 1969 Roy Thomas na mchoraji Gene Colan walimfanya amteke Eternity, yaani ulimwengu wote ukiwa na umbo la mtu, katika toleo la 180 la Doctor Strange. Wazo kubwa, na michoro ya Colan ina vivuli vya kupendeza, ila Nightmare ni yuleyule wa vitisho. Jaribio lililonishika zaidi ni la Peter David mwaka 2005, katika mfululizo wa Hulk uitwao Tempest Fugit, uliochorwa na Lee Weeks. Hulk yuko kisiwani, mambo hayaeleweki, na mwishoni inafichuka kwamba Nightmare amekuwa akiyakoroga maisha yake kwa muda mrefu. Wasomaji wakabaki wanaulizana ni hadithi zipi za Hulk za miaka ile zilitokea kweli na zipi zilikuwa ndoto. Wapo waliokasirika. Mimi nadhani hiyo ndiyo mara pekee Nightmare alipomtoka mhusika akamwingia msomaji.

Mephisto: dalali wa roho

Mephisto alikuja miaka mitano baada ya mwenzake, Desemba 1968, katika toleo la 3 la Silver Surfer. Stan Lee tena, lakini Ditko alikuwa ameshaondoka Marvel tangu 1966. Kalamu ilikuwa ya John Buscema, na gazeti lilikuwa nene la senti 25. Jina limetoka kwa Mephistopheles, yule shetani wa masimulizi ya Kijerumani ya Faust, na umbo limetoka moja kwa moja kwenye picha za makanisa ya Ulaya: ngozi nyekundu, joho jekundu, moto pande zote. Ukimwona tu unajua uko kwa nani. Nightmare unahitaji kuambiwa, huyu hahitaji utambulisho.

Surfer, shujaa wa anga mwenye mwili wa fedha, amefungiwa duniani na Galactus, yule mla sayari, ametengwa na mchumba wake Shalla-Bal aliyeko sayari ya mbali. Mephisto anatazama kutoka kwenye himaya yake, anaona roho safi kiasi cha kuhatarisha biashara yake, anaitaka. Anamwita Surfer, anamwonyesha utajiri, anamwonyesha wanawake, anamwonyesha utawala wa himaya. Surfer anakataa kimoja baada ya kingine. Msomaji aliyewahi kusikia habari za Yesu kujaribiwa nyikani ataitambua njia hii haraka, na sidhani Lee alitaka kuificha. Zamu ya mwisho ni Shalla-Bal mwenyewe, na hapo ndipo Buscema anapoonyesha kazi: mwili wa Surfer hauna nguo wala uso wenye mikunjo mingi, ni fedha tupu, lakini maumivu unayaona kwenye mabega na vidole.

Mfululizo ule wa Surfer ulidumu matoleo 18 tu, ukafa 1970, na Mephisto amerudi ndani yake zaidi ya mara moja. Kila mara kazi yake ni ileile: kutafuta bei. Huyu ni dalali. Hana haraka, anajua soko, na anakujua wewe una shida gani kabla hujafungua mdomo.

Lakini subiri, utauliza, mauzauza yako wapi hapo? Yapo, na ni mabaya kuliko ya Nightmare, kwa sababu hayaishi ukiamka. Chukua kisa cha watoto wa Wanda. Mwaka 1986 Scarlet Witch, ndiye Wanda huyo, na mumewe Vision, ambaye ni roboti, walipata mapacha wa kiume, Thomas na William. Wasomaji walipokea, ni komiki, yote yanawezekana. Mwaka 1989 John Byrne, akiandika na kuchora Avengers West Coast, akaanza kudondosha dalili: yaya anaingia chumbani, vitanda vitupu, kisha watoto wanarudi. Ikaja kubainika kwamba watoto wanatoweka pale mama yao anapokuwa hana mawazo nao. Katika matoleo ya 51 na 52 ukweli unafunguka: mapacha walikuwa vipande vya roho ya Mephisto vilivyochukuliwa kwa uchawi wa Wanda bila yeye kujua, na mwenye mali amevirudia. Ili mama asiendelee kuumia, Agatha Harkness, mchawi aliye mwalimu wake, anafuta kumbukumbu zake za kuwa aliwahi kuwa na watoto.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Nightmare hajawahi kumfanyia mtu jambo la namna hiyo. Hata tamthilia ya WandaVision ya mwaka 2021 ilichota kutoka hapo, na ndiyo sababu mashabiki walikesha wiki baada ya wiki wakimngoja Mephisto atokee. Hakutokea. Ilibidi wangoje mpaka Ironheart ya mwaka 2025, Sacha Baron Cohen akiwa ndiye mwigizaji. Nightmare naye alikaribia sinema: Scott Derrickson, aliyeongoza filamu ya kwanza ya Doctor Strange, alikuwa amesema angependa kumtumia katika ya pili, kisha akajitoa Januari 2020 na wazo likaenda naye.

Pale Mephisto alipotapeliwa

Kuna kitabu kimoja cha mwaka 1989 ambacho ningempa mtu yeyote mzima anayedharau komiki: Doctor Strange and Doctor Doom: Triumph and Torment. Roger Stern aliandika, na mchoraji ni Mike Mignola, miaka michache kabla hajamuumba Hellboy, akisaidiana na Mark Badger. Ni hadithi moja iliyokamilika, huhitaji kufuatilia chochote kabla wala baada.

Doom ni mtawala mwovu mwenye kinyago cha chuma. Mama yake alikuwa mchawi aliyefanya mapatano na Mephisto akafa nayo, na roho yake imeshikiliwa. Kila mwaka usiku mmoja mwanawe hupigana kumkomboa na hushindwa. Mara hii, baada ya mashindano ya wachawi ambayo Strange ndiye mshindi, Doom anapewa haki ya kumwomba Strange jambo moja. Anaomba wakamtoe mama. Wanashuka kuzimu pamoja, watu wawili wasioaminiana, na Mephisto anafanya anachokijua: anawachonganisha, anawaonyesha hiki na kile, anatafuta ufa.

Kisha Doom anamsaliti Strange. Anamtoa kwa Mephisto abadilishane na mama yake. Mephisto anafurahi, biashara imekaa sawa: mganga mkuu wa dunia kwa roho moja ya mchawi wa zamani. Lakini mama anapogundua uhuru wake umelipiwa kwa roho ya mtu mwingine, anaukataa. Anamwangalia mwanawe kwa chuki na kukataa kuondoka. Kwa kukataa huko roho yake inatakasika, Mephisto hana tena haki juu yake, na anapaa zake.

Doom alikuwa amelipanga hilo tangu mwanzo. Usaliti ulikuwa kiinimacho. Alijua mama yake atakataa, alijua kukataa ndiko kutamwokoa, na alijua bei: mama atakwenda zake akiamini kwamba amezaa mtu mwovu. Ananyamaza, anailipa.

Weka kisa hiki kando ya kile cha Gulgol. Mabwana wote wawili wa mauzauza wameshindwa kwa mauzauza, ila Strange alitoka kwa Nightmare bila deni, na Doom alitoka kwa Mephisto akiwa amempoteza kwa namna nyingine yule aliyekwenda kumtafuta. Kama unapenda mwisho safi, umeshajua uende wapi. Kama unapenda mwisho unaokukera mpaka kesho yake, pia umeshajua.

Kile ambacho sikushauri uanze nacho

Mitandaoni utakutana na watu wanaomjua Mephisto kwa jambo moja tu: ndoa ya Spider-Man. Hadithi inaitwa One More Day, ilianza 2007, J. Michael Straczynski akiandika na Joe Quesada akichora. Shangazi May amepigwa risasi iliyokusudiwa Peter, ndiye Spider-Man mwenyewe, na yuko hospitalini anakaribia kufa. Mephisto anakuja na ofa: May atapona, na hataki roho ya mtu, anataka ndoa ya Peter na Mary Jane tu, ifutike kana kwamba haikuwahi kuwepo. Ndoa hiyo ilikuwa imefungwa 1987. Miaka ishirini ya hadithi mikononi mwa shetani.

Kuna sehemu moja ndani yake nzuri kweli. Peter anakutana na binti mdogo mwenye nywele nyekundu anayemjibu kwa ukali, na baadaye Mephisto anamwambia huyo alikuwa binti yao, yule ambaye wangempata na sasa hawatampata. Mauzauza ya kitu ambacho kingekuwa. Kama hadithi nzima ingeandikwa kwa ukatili huo, tungeisifu leo. Lakini kila mtu aliona mkono wa ofisi nyuma ya joho jekundu: kampuni ilimtaka Peter awe kapera tena, na pepo akatumwa kama kifutio. Straczynski mwenyewe alisema hadharani kwamba hakuridhika na jinsi ilivyomalizwa. Ukiisoma bila kuzijua hizo hadithi za nyuma, utaona mume na mke wanaongea na shetani na hutaelewa kwa nini watu wazima walilia.

Nightmare alitumiwa hivyohivyo kwenye Hulk, kama nilivyosema. Tofauti ni kwamba ndoto ikifuta kitu, msomaji anaweza kubisha kwamba pengine hakikufutika. Mkataba ukifuta, umefuta.

Lugha, watoto, na mfuko

Kiingereza cha Stan Lee kina mbwembwe nyingi, na kwa Surfer amezidisha. Yule jamaa wa fedha anasimama juu ya ubao wake akijisemea nafsini kurasa nzima, maneno ya mimbari, nukta za mshangao kila mahali. Kama Kiingereza chako ni cha kujikongoja, anza na Ditko: picha zinakubeba hata ukiruka nusu ya maneno. Triumph and Torment iko katikati, maneno ya kutosha lakini yanakwenda.

Kwa mtoto wa miaka kumi hivi, Nightmare wa miaka ya sitini hana neno. Hakuna damu, na somo la kisa cha kwanza unaweza kumweleza mwenyewe. Mephisto ni suala la nyumba na nyumba. Wapo wazazi, Waislamu kwa Wakristo, ambao hawataki kuona kitabu chenye shetani mwekundu mezani, na kumweleza bibi kwamba huyu ni adui wala si shujaa ni kazi ambayo sitaki kukutuma. Zaidi ya hapo, kisa cha mapacha wa Wanda si cha kumpa mama ambaye amewahi kupoteza mtoto. Mwulize kwanza.

Kwa gharama, njia nafuu ya kuzipata zote ni usajili wa kidijitali wa Marvel Unlimited, ambako matoleo ya zamani ya Strange Tales na Silver Surfer yamo. Ukitaka karatasi, visa vya Ditko vimekusanywa katika mfululizo wa Marvel Masterworks, lakini kuagiza kutoka Marekani au Uingereza hadi Dar au Nairobi usishangae nauli ikikaribia bei ya kitabu. Nakala asili za 1963 waachie wakusanyaji, hiyo ni hela ya kiwanja.

Majina mengine utakayotajiwa

Mysterio si pepo. Ni Quentin Beck, fundi wa vimbwanga vya sinema, aliyetokea katika toleo la 13 la Amazing Spider-Man, Juni 1964. Namtaja kwa sababu ni Ditko tena, na mwezi uliofuata ndipo alipomchora Gulgol. Mtu mmoja, kiangazi kimoja, aina mbili za mauzauza: moja ya moshi na vioo, nyingine ya usingizi. Ukivisoma viwili hivyo pamoja utafaidi zaidi.

D'Spayre ni pepo wa kweli, kazi ya Chris Claremont na John Byrne katika Marvel Team-Up 68 ya mwaka 1978, akipambana na Spider-Man na Man-Thing. Anakula kukata tamaa kwa watu. Kisa kimoja kinamtosha.

Upande wa DC, kampuni inayoshindana na Marvel, watakutajia Dream wa The Sandman, iliyoanza 1989. Huyo si pepo na si adui. Ni mtawala wa ndoto anayechukulia kazi yake kama wajibu, na mapepo ya kweli anakutana nayo akishuka kuzimu katika toleo la 4, kwenye shindano la maneno dhidi ya Choronzon. Ni kazi kubwa kuliko zote nilizozitaja hapa, matoleo 75, na kwa sababu hiyohiyo si mahali pa kuonja. Toleo la 6 hasa, Doctor Destiny akiwa ndani ya mgahawa na watu wasiojua kinachowajia, usimpe mtoto kabisa.

Basi nani achukue nini

Kama hujawahi kusoma komiki hata moja ya Marvel, chukua Strange Tales 110 kisha 122. Zote mbili utazimaliza kabla chai haijapoa, na utakuwa umeshajua kama dunia ya Ditko inakuita. Ikikuita, endelea naye mpaka kwa Dormammu, usiruke kwenda kwa Mephisto kwa sababu tu watu wanamtaja.

Kama unasoma riwaya na unataka kitu cha kubishania, ruka yote hayo uende Triumph and Torment, kisha Silver Surfer 3 ili uone dalali alikuwaje alipokuwa kijana.

Kama umetoka kwenye tamthilia za Wanda ukiwa na maswali, Avengers West Coast 51 na 52 ndizo zenye majibu, ingawa itakubidi uvumilie Master Pandemonium, adui mwenye mapepo badala ya mikono, ambaye mpaka leo sijui Byrne alimchukulia kwa uzito gani.

Shabiki wa Hulk aende Tempest Fugit, ila baada ya kusoma angalau mwaka mmoja wa Hulk wa kabla yake, vinginevyo hakutakuwa na kitu cha kunyang'anywa. Na wa Spider-Man, kama lazima aguse One More Day, asome kwanza miaka ya ndoa.